Namba tasa inayolinda siri za soko la Buguruni

KATIKA soko la Buguruni jijini Dar es Salaam, bei ya mzigo mara nyingi huamuliwa kabla lori halijafika. Mkulima wa machungwa aliyeko Muheza humtumia dalali wake picha ya mzigo kwa WhatsApp, dalali hujibu kwa bei, na wakikubaliana safari huanza. Mazungumzo hayo ni mali. Mshindani akijua kwamba gunia limekubaliwa kwa kiasi fulani, anaweza kuongeza shilingi chache na kuuchukua mzigo wote shambani.

Kinachozuia mshindani huyo asisome mazungumzo ya mwenzake si askari wala mlinzi wa kampuni ya simu. Ni hesabu. Na ndani ya hesabu hiyo kuna namba moja yenye tarakimu 77, ile ile katika simu ya mkulima, ya dalali na ya mama anayeuza nyanya pembeni ya Barabara ya Uhuru. Namba yenyewe ni hii:

57,896,044,618,658,097,711,785,492,504,343,953,926,634,992,332,820,282,019,728,792,003,956,564,819,949.

Namba hiyo si siri. Imechapishwa tangu mwaka 2006 na mtu yeyote duniani anaweza kuinakili. Nguvu yake inatokana na jambo moja ambalo mtoto wa shule ya msingi hufundishwa: ni namba tasa.

Mafungu yasiyogawanyika

Mfanyabiashara wa matunda anazijua namba tasa hata kama hajui jina lake. Akiwa na machungwa 12 anaweza kupanga mafungu 2 ya machungwa 6, mafungu 3 ya manne, mafungu 4 ya matatu au mafungu 6 ya mawili. Akiongeza chungwa moja yakawa 13, kazi inaharibika. Hakuna namna ya kupanga mafungu yanayolingana, isipokuwa fungu moja la 13 au chungwa moja moja.

Muuza mayai naye anaijua hali hiyo. Trei ina mayai 30, yaani mistari 5 yenye mayai sita sita. Yai la 31 halina mahali pa kukaa, na mayai 31 hayapangiki katika trei yoyote ya mistari inayolingana. Namba 13 na 31 ni tasa: kila moja inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Namba 1 haihesabiwi miongoni mwa tasa, na 2 ndiyo tasa pekee iliyo shufwa.

Ile namba ya tarakimu 77 ina tabia hiyo hiyo. Msomaji anaweza kuanza kuikagua mwenyewe kwa kalamu. Inaishia na 9, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake zote ni 376, na 376 ikigawanywa kwa 3 hubaki 1, hivyo haigawanyiki kwa 3. Angeendelea hivyo kwa 7, 11, 13 na kuendelea, asingepata hata moja inayoigawanya bila baki.

Urithi wa Afrika

Wapo wanaodhani elimu hii ililetwa na wageni. Ushahidi mmoja wa zamani sana unaohusishwa na namba hizi ulipatikana jirani tu, mashariki ya Kongo. Mwaka 1950 mtaalamu wa Kibelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua mfupa huko Ishango, karibu na Ziwa Edward mahali Mto Semliki unapoanzia. Mfupa huo una umri unaokadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, nao umechongwa alama kwa makundi. Safu moja ina makundi ya alama 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, na jumla yake ni 60.

Wataalamu wengi wanaonya kwamba huenda ni sadfa tu, kwani hakuna ushahidi mwingine kwamba wakazi wa Ishango walijua kugawanya. Lakini wengi wanaona kwamba mtu aliyeishi kando ya ziwa hilo alikuwa akihesabu vitu na kuweka kumbukumbu. Mfupa wenyewe sasa umehifadhiwa Brussels, Ubelgiji.

Katika Alexandria ya Misri, kiasi cha miaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Baadaye kidogo, Eratosthenes, mzaliwa wa Kurene katika Libya ya leo, alibuni njia ya kuzipata inayofanana na kupepeta nafaka kwa ungo. Andika namba zote kuanzia 2, futa vigawe vyote vya 2 isipokuwa 2 yenyewe, kisha vya 3, vya 5, na kuendelea. Zinazobaki kwenye ungo ni tasa. Mpaka leo wanahisabati huiita njia hiyo chekeche la Eratosthenes.

Kupatana siri mbele za watu

Kwa zaidi ya miaka 2,000 namba tasa zilibaki mchezo wa wasomi. Mwaka 1976 mambo yalibadilika. Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walionyesha kwamba watu wawili wanaweza kupatana neno la siri wakiongea hadharani, huku kila mtu akiwasikia, na bado msikilizaji asiijue siri yao.

Jambo hilo linaonekana kama kiini macho, lakini linaweza kufanyika kwa yai la 31.

Tuseme mkulima na dalali wanakubaliana kwa sauti kutumia namba mbili, 31 na 3. Soko zima limesikia. Mkulima anachagua siri yake moyoni, tuseme 4. Anazidisha 3 kwa yenyewe mara nne, yaani 3 × 3 × 3 × 3, anapata 81. Anagawanya kwa 31 na kuangalia baki, ambayo ni 19. Anatangaza: "Kumi na tisa!"

Dalali naye anachagua siri yake, tuseme 5. Anazidisha 3 mara tano, anapata 243. Akigawanya kwa 31 baki ni 26. Naye anatangaza: "Ishirini na sita!"

Sasa mkulima anaichukua 26 aliyoisikia na kuizidisha kwa yenyewe mara nne, kwa kuwa siri yake ni 4. Anapata 456,976, na akigawanya kwa 31 baki ni 5. Dalali anaichukua 19 na kuizidisha mara tano. Anapata 2,476,099, na akigawanya kwa 31 baki ni 5 vilevile.

Wote wawili wana namba 5, na hakuna aliyeitamka. Soko limesikia 31, 3, 19 na 26 tu. Namba 5 ndiyo ufunguo wao wa kufungia maneno.

Kwa 31 mdokozi hachukui muda kuigundua siri. Anajaribu siri zote 30 zinazowezekana na kuipata. Ila tasa ikiwa na mamia ya tarakimu, kujaribu moja moja hakumalizi. Aliye na siri anafika kwa hatua chache, asiye nayo anahangaika maisha yake yote.

Kwa nini lazima iwe tasa

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini isitumike 30, namba ya trei kamili. Jibu linaonekana ukijaribu. Zidisha 3 kwa 3 mfululizo, na kila mara chukua baki ya kugawanya kwa 30. Utapata 3, 9, 27, 21, halafu 3 tena. Unazunguka katika namba nne tu. Mdokozi anahitaji kubahatisha mara nne.

Ukitumia 31 mambo ni tofauti. Baki zinakwenda 3, 9, 27, 19, 26, 16, 17, na kuendelea, zikipita katika kila namba kuanzia 1 hadi 30 bila kurudia hata moja, mpaka hatua ya 30 ambapo baki inakuwa 1. Ni kama kujaza trei nzima ya mayai, kila tundu mara moja, bila mpangilio ambao jicho linaweza kuutambua.

Ipo sababu ya pili. Katika baki za 31, kila namba ina mwenzake anayeirudisha kwenye 1. Kwa mfano 6 × 26 ni 156, na 156 ikigawanywa kwa 31 hubaki 1. Kwa 30 hilo halipo. Hakuna namba ambayo ikizidishwa na 6 itabakisha 1, kwa sababu 6 na 30 zina vigawo vinavyofanana. Namba isiyo tasa ina nyufa, na kwenye ufa ndipo mwizi anapopitisha mkono.

Simu za leo haziishii kwenye kuzidisha kwa kawaida kama katika mfano wa mkulima na dalali. Mwaka 1985 Neal Koblitz na Victor Miller, kila mmoja kivyake, walipendekeza njia ya kuruka kutoka nukta moja hadi nyingine kwenye mchoro wa mlinganyo maalumu. Idadi ya miruko ndiyo siri. Hata hivyo nafasi ya kila nukta bado huandikwa kwa baki za kugawanya kwa namba tasa, na faida ya njia hii ni kwamba tarakimu 77 zinatosha badala ya mamia.

Siri ya 19

Aliyeichagua namba ya tarakimu 77 ni mwanahisabati Daniel J. Bernstein wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago. Mwaka 2006 alichapisha mfumo alioupa jina Curve25519. Jina hilo ndilo anuani ya namba yenyewe: chukua 2, izidishe kwa yenyewe mara 255, kisha toa 19.

Hakuichagua kwa mapambo. Alitafuta tasa iliyo karibu kabisa na 2 ya kipeo cha 255, na hii ndiyo tasa kubwa kuliko zote zilizo chini yake. Namba 18 zinazofuata kabla ya kufikia kipeo hicho si tasa hata moja.

Faida ya kuwa karibu hivyo ni unafuu wa hesabu. Chukua mfano mdogo wa 97, ambayo ni 100 kutoa 3. Ukitaka baki ya 4,512 kwa 97, huna haja ya kugawanya kwa kirefu. Mia zake ni 45. Zidisha kwa 3 upate 135. Ongeza 12 zilizobaki mwishoni, unapata 147. Toa 97, jibu ni 50. Umegawanya kwa kujumlisha na kutoa tu.

Simu nayo hufanya hivyo hivyo, ila mahali pa 3 huweka 19. Ndiyo maana hata simu ya bei nafuu, yenye betri iliyochoka, hufunga na kufungua ujumbe kabla mwenyewe hajahisi chochote. Kama namba ingechaguliwa kiholela, ulinzi ungekuwa wa wenye simu ghali peke yao.

Namba hii ina sifa nyingine ambayo mkulima ataipenda. Mwanasheria wa Kifaransa Pierre de Fermat, aliyeishi karne ya 17, alisema kila tasa inayobakisha 1 ikigawanywa kwa 4 inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili, na kwa namna moja tu. Miche 29, kwa mfano, inajaza kiwanja cha 5 kwa 5 na kingine cha 2 kwa 2. Miche 31 haiwezi, kwa sababu 31 ikigawanywa kwa 4 hubaki 3. Tarakimu mbili za mwisho za namba yetu ni 49, na 49 ikigawanywa kwa 4 hubaki 1. Hivyo anayetaka kupanda miche ya idadi hiyo ana uhakika kwamba vipo viwanja viwili vya mraba vitakavyoimaliza, wala hakuna jozi nyingine.

Inajulikanaje kuwa ni tasa?

Kuikagua namba ya tarakimu 77 kwa kujaribu vigawo vyote hakuwezekani. Fermat huyo huyo aliacha njia ya mkato. Tuliona kwamba 3 ikizidishwa kwa yenyewe mara 30, baki yake kwa 31 ni 1. Hiyo haikuwa bahati. Kwa kila tasa, ukichukua namba ambayo si kigawe chake na kuizidisha kwa yenyewe mara pungufu kwa moja ya tasa hiyo, baki ni 1 daima.

Kwa hiyo namba ikijaribiwa na baki isiwe 1, hakuna mjadala, si tasa, hata kama hakuna anayejua vigawo vyake. Ikiwa baki ni 1, vipimo vikali zaidi hufuata mpaka uthibitisho ukamilike. Kompyuta ya kawaida hufanya kazi hiyo kwa namba ya tarakimu 77 kwa muda mfupi sana.

Kazi ngumu ni kinyume chake, yaani kutafuta vigawo vya namba kubwa isiyo tasa. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole aliwaonyesha wanahisabati wenzake mjini New York kwamba 2 ya kipeo cha 67, ukitoa 1, ni sawa na 193,707,721 mara 761,838,257,287. Kuzidisha namba hizo mbili ni kazi ya dakika chache ubaoni. Kuzipata kulimgharimu miaka. Juu ya tofauti hiyo, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walijenga mwaka 1977 kufuli ya RSA, ambayo imelinda tovuti za benki kwa miongo mingi.

Tasa nyingine kwenye daftari la duka

Wenye maduka wanaotunza hesabu kwa kompyuta wanapaswa kuijua tasa nyingine: 2,147,483,647. Hii ni 2 ya kipeo cha 31, ukitoa 1. Leonhard Euler alithibitisha mwaka 1772 kuwa ni tasa, wakati huo akiwa karibu kipofu kabisa.

Euler hakujaribu vigawo vyote. Alitumia kanuni kwamba kigawo chochote cha namba ya aina hii lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa kipeo chake. Mfano mdogo ni 2 ya kipeo cha 11 kutoa 1, ambayo ni 2,047. Hiyo si tasa, ni 23 × 89, na kweli 23 na 89 zote hubakisha 1 zikigawanywa kwa 11. Kwa kanuni hiyo na nyingine kama hiyo, Euler alibakiwa na namba zipatazo 370 tu za kujaribu. Kwa takribani miaka mia moja baada ya hapo, hiyo ndiyo iliyokuwa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana.

Leo namba hiyo ni ukuta ndani ya programu nyingi za zamani. Kompyuta iliyotengewa nafasi 32 za kuandikia namba hutumia moja kwa alama ya kujumlisha au kutoa, na 31 zinazobaki huishia hapo hapo: 2,147,483,647. Ikiongezwa 1, programu isiyo na tahadhari huonyesha hasi, kana kwamba mali imegeuka deni.

Kwa nchi zenye fedha ya thamani kubwa, ukuta huo uko mbali. Kwa hesabu za shilingi, mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo anaweza kuufikia katika mauzo ya mwaka. Na ikiwa programu inahesabu kwa senti, ukuta unashuka hadi shilingi 21,474,836 na senti 47, kiasi ambacho hata duka la kawaida la Buguruni linaweza kukivuka. Anayenunua programu ya hesabu, hasa ya bei ya chini au ya kunakiliwa, amuulize muuzaji swali moja: jumla ikizidi bilioni 2 na milioni 147, itaonyesha nini? Muuzaji asiyejua ajaribu mbele ya mteja.

Ukuta huo huo unahusu saa. Mitambo ya zamani huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, na sekunde ya 2,147,483,647 itatimia Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kifaa ambacho hakijarekebishwa kitarudi nyuma hadi mwaka 1901. Anayenunua mashine leo kwa matumizi ya miaka mingi analo la kuuliza.

Zawadi kwa atakayepata kubwa zaidi

Namba tasa zimekuwa pia na fedha taslimu. Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya NVIDIA, alipata tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana hadi wakati huo: 2 ya kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Mtu akiisoma tarakimu moja kwa sekunde, usiku na mchana bila kupumzika, atamaliza baada ya siku 475 hivi.

Durant alikuwa mmoja wa wanachama wa GIMPS, mradi wa kujitolea ulioanzishwa mwaka 1996 na George Woltman, ambao huunganisha kompyuta za watu wengi kutafuta namba za aina hii. Zawadi yake ilikuwa dola 3,000 za Marekani. Taasisi ya Electronic Frontier Foundation nayo iliwahi kutoa dola 100,000 mwaka 2009 kwa tasa ya kwanza iliyozidi tarakimu milioni 10, na ilitangaza dola 150,000 kwa ya kwanza itakayofikisha tarakimu milioni 100.

Anayetamani zawadi hiyo apige hesabu ya umeme kwanza. Kompyuta hufanya kazi mfululizo kwa majuma mengi kujaribu namba moja, na wengi hawapati kitu. Tasa hizo kubwa mno hazifungi ujumbe wa mtu yeyote. Kwa kazi hiyo tarakimu 77 zinatosha.

Kufuli ina nguvu kiasi gani

WhatsApp ilikamilisha kufunga ujumbe wote wa watumiaji wake Aprili 2016, ikitumia mfumo wa Bernstein. Tangu hapo simu mbili zinapoanza kuwasiliana, hupatana siri kwa njia inayofanana na ya mkulima na dalali, kwa kutumia baki za namba ile.

Mashine inayojaribu mara trilioni moja kwa sekunde, ikitumia njia bora inayojulikana, ingehitaji miaka zaidi ya bilioni mbili za bilioni kuivunja siri moja. Umri wa ulimwengu wote unakadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Tishio linalozungumzwa ni kompyuta za kwantamu. Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba mashine ya aina hiyo, ikiwa kubwa vya kutosha, ingezivunja kufuli hizi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa Agosti 2024 viwango vipya vya kufuli za kukabiliana nazo. Hata humo namba tasa haikukosekana: kiwango kikuu cha kupatana siri kinatumia baki za 3,329, tasa ya tarakimu nne tu, kwa njia nyingine ya hesabu.

Mlango ambao hesabu haiulindi

Pamoja na nguvu hiyo yote, fedha za wafanyabiashara zinaendelea kuibwa kwa simu, na mwizi hahitaji kuvunja namba yoyote. Humwomba mwenye mali amfungulie.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haujavunja kufuli. Umetumwa kwa watu wengi kwa kubahatisha, ukitarajia kumkuta mmoja ambaye kweli alikuwa karibu kutuma fedha. Dalali mwenye mizigo mitatu njiani ni windo zuri, kwa kuwa kila siku ana mtu wa kumlipa.

Yafaa pia kujua mipaka. Ujumbe mfupi wa kawaida wa simu haufungwi kwa namba hii. Menyu za fedha za kubonyeza nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa iliyoanza nchini mwaka 2008, ni njia nyingine yenye ulinzi wa mtandao wa simu na namba ya siri ya mteja. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 tu. Kinachoilinda ni kufungiwa ukikosea, na mwenyewe kutoitaja kwa mtu, hata anayejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja.

Kwa upande wa WhatsApp, mwizi hujaribu kuiteka akaunti nzima. Hupiga simu akiomba tarakimu sita zilizotumwa kwa ujumbe mfupi, kwa kisingizio cha kundi la wakulima au mkopo. Anayempa ndiye anayempa ufunguo. Dawa yake ni kutompa mtu yeyote tarakimu hizo na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili katika mipangilio ya programu.

Kuna alama moja ambayo wengi huipuuza. Kila mazungumzo ya watu wawili yana msimbo wa usalama wa tarakimu 60, unaotokana na funguo za simu zao. Simu ya mmoja ikibadilishwa au akaunti ikihamishwa, msimbo hubadilika, na aliyewasha taarifa hizo katika mipangilio huarifiwa. Mara nyingi mwenzake amenunua simu mpya tu. Lakini msimbo ukibadilika, na muda mfupi baadaye mkulima wa siku zote akaomba malipo ya mzigo yatumwe kwa namba ngeni, dalali asitume kitu. Ampigie kwa namba ya zamani, asikie sauti yake, amuulize jambo la mzigo ambalo mwingine hawezi kulijua.

Ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na kila mtu anaweza kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Udanganyifu wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Dakika moja ya kupiga simu kabla ya kutuma haigharimu hata bei ya chungwa. Fedha ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu, na hapo hakuna tasa itakayosaidia, hata iwe na tarakimu milioni 41.